MUINDI MBINGU: NG'OMBE, URASIMU NA ULINZI WA KOLONI

Utangulizi

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi hupita kila uchao katika Barabara ya Muindi Mbingu wakielekea Bustani ya Jeevanjee ama Soko la Jiji. Aghalabu jina hilo hutajwa kama alama ya njia tu: kituo cha matatu, mahali pa kukutania, duka la vitabu liko upande gani. Wachache wanaomfahamu mwenye jina humkumbuka kama kiongozi aliyewatoa Wakamba vilimani mwaka 1938 akawaleta Nairobi kudai ng'ombe wao. Kumbukumbu hiyo ni ya haki, ila imeacha nje sehemu kubwa ya kisa. Mambo yaliyotokea mwaka huo yaligusa jeshi la koloni, na kupitia jeshi yakagusa usalama wa dola ya Uingereza katika Afrika Mashariki, siku ambazo vita vikuu vilikuwa vikinukia.

Makala haya yanasimulia maisha ya Muindi Mbingu kwa kuyatazama kutoka upande wa Tala, mji wa soko ulioko Matungulu, kaskazini mwa Machakos, kilomita zipatazo 60 kutoka Nairobi kwa Barabara ya Kangundo. Tala inafaa kuwa mahali pa kutazamia kwa sababu Matungulu, pamoja na Kangundo na Iveti, ni miongoni mwa sehemu za vilima zilizosongamana watu na mifugo katika miaka ya 1930, na ndizo zilizoonja kwanza uchungu wa amri za serikali. Hoja yetu ni moja. Sera ya ulinzi haitungwi katika makao makuu ya jeshi pekee. Hutungwa pia katika zizi la ng'ombe, katika ofisi ya bwana shamba, na katika baraza la wazee. Serikali ya kikoloni ilipolazimika kurudi nyuma mwaka 1938, ilirudi kwa kuwa mifugo iliyotaka kuiondoa katika maboma ya Wakamba ilikuwa akiba ya askari wake yenyewe.

Nchi aliyotoka

Muindi Mbingu, aliyeitwa pia Samuel Muindi, alikuwa mwenyeji wa Ngelani, kijiji kilichoko kwenye vilima vya Iveti, karibu na mji wa Machakos. Mji huo, uliopata jina lake kutokana na Masaku, mwaguzi mashuhuri wa Wakamba, ulikuwa kituo cha Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1889, yaani miaka kumi kabla ya reli kufika mahali palipokuja kuwa Nairobi. Kwa hiyo watu wa Ngelani waliujua utawala wa kigeni mapema kuliko majirani zao wengi. Waliijua kodi, waliijua shule ya misheni, na waliijua mipaka.

Mipaka ndiyo iliyouma zaidi. Vilima vya Mua, vilivyo jirani na Ngelani, vilitwaliwa mapema katika karne ya 20 vikapewa walowezi. Upande wa Tala, mlima wa Kilimambogo na nyanda zilizouzunguka viliingia mikononi mwa mlowezi tajiri, Bwana William Northrup McMillan, ambaye alifariki mwaka 1925 na kuzikwa mlimani humo. Uwanda wa Yatta, ambako wafugaji walikuwa wakipeleka mifugo wakati wa kiangazi, ulihesabiwa kuwa ardhi ya serikali, na ruhusa ya kulisha huko ikawa jambo la kuombwa. Wakamba wakabaki katika eneo lililotengwa kwa ajili yao, watu wakiongezeka na malisho yakipungua. Mvua ilipokosekana, udongo uliobaki wazi ulichukuliwa na upepo. Iliponyesha, maji yalichimba makorongo.

Katika utamaduni wa Wakamba ng'ombe alikuwa na kazi nyingi kwa wakati mmoja. Aliolea mke, kwa kuwa mahari, waliyoiita ngasya, ilihesabiwa kwa mifugo. Alilipa faini mbele ya wazee. Aliuzwa mwaka wa njaa ili familia ipate nafaka. Alikopeshwa kwa rafiki wa mbali ili ukame wa upande mmoja usimmalize mwenye mali. Afisa aliyetoka nje na kuhesabu vichwa aliona idadi iliyopita kiasi. Mwenye zizi aliona benki, bima na ukoo vikiwa vimesimama kwa miguu minne.

Jinsi Mkamba alivyofanywa askari

Ili kuelewa kwa nini ng'ombe hao waliitikisa serikali, hatuna budi kutazama jeshi la King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya. Jeshi hilo lilianzishwa mwaka 1902. Katika miaka yake ya kwanza Waingereza hawakuwahesabu Wakamba kuwa watu wa vita. Waliwajua kama wafanyabiashara wa misafara waliokuwa wakipeleka pembe za ndovu Mombasa, na kama wawindaji hodari wa upinde. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Wakamba wengi walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi. Kambi ya wapagazi hao jijini Nairobi ndiyo iliyoacha jina la Kariokor, kutokana na matamshi ya wenyeji ya jina la Kizungu la kikosi hicho.

Baada ya vita hali ilibadilika. Katika miaka ya 1920 na 1930 maafisa walianza kuandika kwamba Mkamba ni mtiifu, mwepesi wa kujifunza na askari wa asili. Je, damu ya Wakamba ilikuwa imegeuka katika muda wa kizazi kimoja? La hasha. Kilichogeuka ni hali ya uchumi. Ardhi ilikuwa imekwisha, mazao ya biashara yenye faida kama vile kahawa yalikuwa yamehifadhiwa kwa walowezi, na vijana walihitaji fedha za kodi na za mahari. Mshahara wa Keya na wa polisi ulikuwa bora kuliko ule wa shamba la mkonge. Jeshi nalo lilipendelea kijana aliyetoka mahali ambapo pana njia chache za kujipatia riziki, kwa maana huyo hakuwa mwepesi wa kuacha kazi. Hivyo basi, dhana ya kabila la kivita ilitungwa na makarani na maafisa waandikishaji, kisha ikapewa sura ya hulka ya kuzaliwa.

Ni vyema kuongeza kuwa Wakamba wenyewe hawakuwa watu wa kutazama tu. Waliipokea sifa hiyo na kuitumia. Askari aliporudi likizoni, mshahara wake aliugeuza kuwa mbuzi, na mbuzi akawageuza kuwa ng'ombe. Wazazi waliomruhusu kijana kuandikishwa walitarajia zizi litanuke. Kati ya nyumba ya Mkamba na kambi ya Keya pakawa na mapatano yasiyoandikwa popote: nyumba inatoa kijana, kambi inarudisha ng'ombe. Mapatano hayo ndiyo yaliyokuwa msingi halisi wa utiifu uliosifiwa katika ripoti.

Ofisi nyingi, ng'ombe mmoja

Serikali ya koloni ilikuwa na idara nyingi, na kila idara ilimtazama ng'ombe wa Mkamba kwa miwani yake. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1934, iliona kwamba eneo la Machakos limejaa mifugo kupita kiasi, na kwamba kuwaongezea watu malisho kabla ya kupunguza mifugo kungeeneza tu uharibifu. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa Idara ya Kilimo aliyeshughulikia hifadhi ya udongo, aliandika ripoti nzito juu ya mmomonyoko katika Machakos. Idara ya Mifugo nayo ilitaka wanyama wachache walio bora. Utawala wa wilaya ulitaka amani na kodi iliyolipwa kwa wakati.

Juu ya hayo, kampuni ya Liebig ilifungua kiwanda cha nyama Athi River mwaka 1938. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi na wa bei nafuu. Kwa afisa aliyeketi mezani, mambo yalikuwa yamepangana vizuri: udongo utapona, kiwanda kitashiba, na Mkamba atapata fedha taslimu. Kila tarafa ikapangiwa idadi ya mifugo iliyoruhusiwa kubaki. Iliyozidi ilipaswa kupelekwa mnadani, na mwenye kukaidi alichukuliwa mifugo yake kwa nguvu.

Kasoro ya mpango huo haikuwa katika kuona mmomonyoko, kwani mmomonyoko ulikuwapo na kila mkulima wa Matungulu aliuona kwa macho yake. Kasoro ilikuwa katika mgawanyo wa kazi za ofisi. Idara ya Kilimo haikuulizwa askari wa Keya wanatoka wapi. Maafisa waandikishaji hawakuulizwa mshahara wa askari unahifadhiwa wapi. Bei ya mnadani ilikuwa duni, na ng'ombe aliyeuzwa kwa bei ya kiwanda hakuweza kununuliwa tena kwa fedha hizo. Aliyekuwa zamu katika kambi za Nairobi alipata habari kwamba akiba yake ya miaka mingi imeswagwa kwenda Athi River, na aliyeswaga ni serikali ile ile anayoilinda kwa bunduki. Polisi wa Kikamba aliyetumwa kusimamia mnada mahali pengine alijua kwamba zizi la babake nalo limo katika orodha.

Safari ya miguu

Hapo ndipo Muindi Mbingu anapojitokeza. Mwaka 1938 yeye na wenzake waliunda chama kilichoitwa Ukamba Members Association, naye akawa kiongozi wake. Chama hicho kilishirikiana na Kikuyu Central Association, ambacho kilikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kuandika hati za malalamiko, na kilipata msaada wa Isher Dass, mjumbe Mhindi katika Baraza la Kutunga Sheria. Simu za maandishi zilitumwa London kwa Waziri wa Makoloni, na baadaye maswali yakaulizwa katika Bunge la Uingereza. Viongozi hawa walikuwa wameelewa jambo muhimu kuhusu urasimu, kwamba ofisi ya chini ikiziba masikio, ofisi ya juu huweza kusikia.

Hata hivyo, nguvu ya Muindi haikutokana na karatasi peke yake. Watu wa Ngelani walifungamana kwa kiapo, kwa desturi ya Wakamba, kwamba hawatashiriki katika uuzaji wa mifugo yao. Kwa mtu wa mila, kiapo si maneno matupu. Mwenye kukivunja huogopa kufa yeye na nyumba yake. Serikali ilikuwa na sheria iliyochapishwa, watu wakawa na sheria isiyochapishwa, na hiyo ya pili ndiyo iliyoshika zaidi.

Mifugo ya Ngelani ilipokamatwa, watu waliamua kumfuata Gavana. Mwishoni mwa mwezi wa Julai mwaka 1938 wanaume, wanawake na watoto, waliokuwa zaidi ya elfu moja, walianza safari ya kwenda Nairobi. Hawakubeba silaha. Walipofika walipiga kambi Kariokor wakakaa hapo kwa majuma kadhaa wakisisitiza kuonana na Gavana mwenyewe. Msomaji atakumbuka historia ya jina la mahali hapo. Uwanja ambao miaka ishirini na kitu nyuma ulikuwa wa wapagazi waliokokotwa vitani, sasa ulikaliwa na jamaa zao waliokuja kwa hiari yao kudai haki.

Utulivu wa kundi hilo uliwatatiza wakubwa. Ghasia zingewapa sababu ya kutumia nguvu. Watu wanaoketi, wanaopika, wanaonyamaza na kungoja, ni vigumu kuwapiga risasi mbele ya jiji zima. Isitoshe, nani angeamriwa kuwapiga? Katika safu za polisi na za Keya walikuwamo wana na ndugu wa hao hao waliokuwa wameketi Kariokor.

Gavana aliyekuwa mwanajeshi

Gavana wa Kenya wakati huo alikuwa Sir Robert Brooke-Popham, mtu aliyeitumikia Jeshi la Anga la Uingereza hadi akafikia vyeo vya juu kabisa. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, yeye ndiye aliyetumwa kuongoza vikosi vya anga vya Uingereza katika Mashariki ya Kati. Aliletwa Kenya mwaka 1937, na baada ya Kenya alikwenda kuwa amiri mkuu wa Uingereza katika Mashariki ya Mbali mwaka 1940. Huyu hakuwa mtawala wa kuhitaji kufunzwa maana ya mpaka wa kaskazini. Tangu mwaka 1936 majeshi ya Mussolini yalikuwa Ethiopia na Somalia, yakipakana na Kenya kwa mamia ya kilomita za nyika, ilhali Keya lilikuwa jeshi dogo la wakati wa amani. Vita vikianza, koloni lingehitaji kuandikisha maelfu ya vijana kwa haraka, na Ukambani palikuwa mahali pa kwanza pa kutazamiwa.

Brooke-Popham hakukubali kukutana na waandamanaji Nairobi. Pengine aliona kwamba kufanya hivyo kungewafundisha watu wengine njia. Badala yake alikwenda Machakos mwezi wa Agosti akafanya baraza na Wakamba. Hakutangaza kwamba sera imefutwa, wala heshima ya serikali isingemruhusu. Ila baada ya hapo mambo yalianza kulegea. Kabla ya mwaka kwisha upunguzaji wa lazima ulikuwa umeachwa, na habari ikawa ni kushawishi watu wauze kwa hiari. Serikali iliyokuwa imesema haina njia nyingine ikaipata njia nyingine.

Wanahistoria wameeleza sababu nyingi za kurudi nyuma huko: kelele za Bungeni London, msaada wa Wahindi na Wakikuyu, ugumu wa kuwaswaga ng'ombe wa watu waliokula kiapo. Sababu hizo zote zina uzito. Lakini ukizipima pamoja utaona kwamba wananchi wengine wa Kenya walikuwa wamepeleka malalamiko London kabla ya hapo, tena ya ardhi yenyewe, bila kujibiwa namna hii. Wakavirondo na Wakikuyu walijua hivyo. Kilichowatofautisha Wakamba mwaka 1938 ni nafasi yao katika Keya na katika polisi. Muindi Mbingu hakuwa na kikosi hata kimoja chini yake, na bado nyuma yake alisimama askari ambaye dola haikuwa tayari kumpoteza.

Lamu

Mkono uliorudisha ng'ombe ndio uliomkamata mwenye kuwadai. Muindi alishikwa katika miezi ya mwisho ya mwaka 1938 akahamishiwa Lamu. Serikali ilitenganisha kwa makini mambo mawili: dai lilikubaliwa kimyakimya, na mdai akaadhibiwa hadharani. Hivyo ndivyo watawala wanavyolinda heshima yao wanaposhindwa. Watu wangepata mifugo, lakini wasijifunze kwamba wameipata kwa kuandamana.

Hakuwa Mkamba wa kwanza kupelekwa huko. Mwaka 1922 Ndonye wa Kauti, aliyetabiri kuondoka kwa Wazungu, alihamishiwa Siyu, katika visiwa hivyo hivyo. Mwaka huo huo Harry Thuku alipelekwa Kismayu. Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, Lamu na Siyu ni majina ya fahari: ni nchi ya Zahidi Mngumi na ya Mwana Kupona. Kwa maafisa wa koloni yalikuwa majina ya mbali, mahali ambapo mtu wa bara angekatwa na lugha yake, na mashamba yake, na wasikilizaji wake. Pwani iliyokuwa kitovu cha fasihi ikageuzwa ghala la watu wasiotakiwa.

Muindi alikaa uhamishoni kwa muda unaokaribia miaka minane. Katika muda huo dunia nzima ilipigana. Vita vilitangazwa Septemba 1939. Mwezi wa Mei mwaka 1940 chama chake kilipigwa marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na chama cha Wataita, na viongozi wao wakawekwa kizuizini. Ilihali hayo yakitendeka, vijana wa Ukambani waliandikishwa kwa wingi. Keya lilipigana na Waitalia Somalia na Ethiopia mwaka 1941, likaenda Madagaska mwaka 1942, na kisha likavuka bahari hadi Burma. Mapatano ya zizi na kambi yalikuwa yameokolewa, na aliyeyaokoa alikuwa amefungiwa kisiwani. Kama angalibaki huru angaliyapinga maandikisho hayo? Hilo halihitaji jibu ili kuona kinaya chake: dola ilivuna askari kutokana na ushindi wa mtu iliyemwadhibu kwa ushindi huo.

Kurejea na kifo

Aliporejea Machakos mwaka 1946 alikuta mambo mapya. Askari walikuwa wamerudi kutoka vitani wakiwa na fedha, stashahada za jeshi na madai. Serikali ilikuwa imejifunza kwamba uaminifu wa Wakamba una gharama, na kuanzia mwaka huo Machakos ikapata fungu kubwa la fedha za maendeleo ya ardhi ya Waafrika. Mashaka hayakuisha mara moja. Mwaka 1946 matrekta yalipoletwa kuchimba matuta, wako watu wa Machakos waliolala mbele yake wakihofu kwamba ardhi inatwaliwa. Kazi ya matuta ilikuja kushika kasi katika miaka ya 1950, ilipokabidhiwa vikundi vya mwethya, yaani ushirika wa kazi wa Wakamba wenyewe, ambamo wanawake walikuwa nguzo. Watu walewale waliokataa kuhifadhi udongo kwa amri waliuhifadhi kwa utaratibu walioufahamu. Katika muongo huo pia wakulima wa Kangundo na Matungulu waliruhusiwa kupanda kahawa, zao walilokuwa wamenyimwa.

Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa nchini. Kwa mara nyingine serikali iliitazama Ukambani kwa wasiwasi, kwa sababu zile zile za mwaka 1938. Iwapo Wakamba wangeungana na Mau Mau, jeshi na polisi vingetikisika kutoka ndani. Paul Ngei, mzaliwa wa Machakos aliyewahi kuwa askari wa Keya, alikamatwa akashtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Katika mazingira hayo ya shuku na umwagaji damu, Muindi Mbingu aliuawa mwaka 1953. Aliyeongoza maandamano ambayo hayakumwaga damu alikufa kifo cha damu, miaka kumi kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa.

Urithi katika jeshi la taifa

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ilirithi jeshi ambalo Wakamba, waliokuwa takriban mtu mmoja kwa kila kumi katika hesabu ya watu ya mwaka 1962, walikuwa na sehemu kubwa kuliko idadi yao. Wiki sita baadaye, tarehe 24 Januari 1964, askari wa kambi ya Lanet karibu na Nakuru waliasi wakidai mishahara na maslahi bora. Dai lao, ukiondoa bunduki, halikuwa mbali na lile la Kariokor: aliyetoa utiifu anauliza malipo yake yako wapi. Serikali ya Mzee Kenyatta iliita majeshi ya Uingereza kuzima uasi huo. Katika miaka iliyofuata iliimarisha kikosi cha polisi cha GSU na kuandikisha maafisa kutoka jamii nyingine ili kusawazisha mizani.

Mwaka 1966 Joseph Ndolo, Mkamba aliyepanda vyeo tangu Keya, alifanywa Mwafrika wa kwanza kuongoza jeshi la nchi kavu. Mwaka 1971, jina lake lilipotajwa katika kesi ya njama ya kupindua serikali, alijiuzulu bila kushtakiwa, akiwa Mkuu wa Majeshi. Jackson Mulinge, Mkamba mwingine, ndiye aliyeshika uongozi wa jeshi baada yake, na mwaka 1978 akawa Mkuu wa Majeshi. Uteuzi huo ulionyesha kwamba serikali huru, sawa na ile iliyoitangulia, ilipima kabila na utiifu pamoja kila ilipokabidhi ufunguo wa ghala la silaha. Sifa iliyotungwa na makarani wa miaka ya 1930 ilikuwa ingali inaamua nani aaminiwe na nani ashukiwe.

Hitimisho

Maisha ya Muindi Mbingu yanatufunza mambo matatu. Kwanza, sifa za jamii katika mambo ya vita hutengenezwa, na aghalabu hutengenezwa pale uchumi unapobana. Pili, idara za serikali zinapofanya kazi bila kusemezana, moja huweza kubomoa nguzo ambayo nyingine inaiegemea. Bwana shamba wa Machakos nusura aharibu jeshi bila kukusudia. Tatu, utamaduni si pambo la pembeni katika mambo ya usalama. Ng'ombe wa mahari na kiapo cha wazee viliingia katika hesabu za Gavana aliyekuwa jemadari wa anga, na hesabu zake zikabadilika.

Liko pia funzo chungu ambalo halifai kufichwa. Mapatano kati ya zizi na kambi yaliwapa watu wa Iveti, Kangundo na Matungulu mifugo yao, lakini yalizidi kuwafunga na bunduki ya mtu mwingine. Muindi alishinda kwa kuwa wana wa nchi yake walikuwa askari wa koloni. Wangalikuwa na ardhi ya kutosha na kahawa yao, huenda wasingalihitaji kuwa askari kwa wingi huo, na pasingalikuwa na ng'ombe wa kugombania. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Muindi alichumia juani, na kivuli walikilia wengine.

Kiwanda cha Athi River kilikuja kuwa cha Tume ya Nyama ya Kenya katika miaka ya 1950. Matuta yamesimama katika miteremko ya Matungulu hadi leo. Wakulima wanaopeleka mazao yao soko la Tala wanapita juu ya udongo ule ule uliogombaniwa mwaka 1938. Ni wajibu wetu, tunaosoma na kufundisha Kiswahili, kuyaandika maisha ya watu kama huyu katika lugha ambayo mkulima huyo na askari wa leo wote wanaielewa, ili jina lililoandikwa kwenye kibao cha barabara lipate tena mwenyewe.